Jinsi ya kutafiti utamaduni wa polisi na uendeshaji wa kituo: mwongozo kamili kwa watafiti wa Nyanda za Juu Kusini

Utafiti kuhusu polisi huharibika mapema, mara nyingi siku ile mwanafunzi anapochapisha dodoso lenye sentensi kama "Kituo chetu kina utamaduni mzuri wa kazi", na mbele yake visanduku vitano vya kutia vema. Askari atatia vema penye "nakubaliana sana", karatasi itapita mezani kwa mkuu wake, na mtafiti ataondoka na asilimia 92 isiyomwambia kitu. Utamaduni wa polisi haupatikani kwa kuuliza maoni. Uko kwenye mambo madogo ya uendeshaji: nani hupangwa lindo la usiku, tukio gani huandikwa na lipi hujibiwa "nendeni mkayamalize nyumbani", gari la doria likikosa mafuta nani hulaumiwa, na kosa lipi humfikisha askari kwenye mashtaka ya kijeshi.

Kwa hiyo mwongozo huu unashika utamaduni na menejimenti kwa pamoja. Umeandikwa kwa mwanafunzi wa uzamili au mhadhiri anayeanza, awe Mzumbe Kampasi ya Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha (RUCU) au kwingineko, anayetaka kufanya kazi kwenye vituo vya Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe.

Nadharia chache, ila zijue vizuri

Usijaze sura ya pili majina 40. Watano wanatosha, mradi ujue kila mmoja atakusaidia kufanya nini ukifika kituoni.

Jerome Skolnick, Mmarekani, alionyesha mwaka 1966 kwamba mambo matatu humjenga askari kitabia: hatari, mamlaka na shinikizo la kuonyesha matokeo. Hatari humfundisha kumshuku mtu. Mamlaka humtenga na majirani. Shinikizo la matokeo humfanya atafute njia ya mkato. Ukiwa kituoni, jiulize ni lipi kati ya hayo matatu linasema zaidi. Askari wa trafiki kwenye mteremko wa Iwambi na askari wa dawati la jinsia wamevaa sare moja, lakini hatari wanazokutana nazo hazifanani hata kidogo.

Elizabeth Reuss-Ianni alitafiti polisi wa New York, na kitabu chake cha 1983 kilieleza kwamba ndani ya jeshi moja kuna tamaduni mbili: ya askari wa mtaani na ya askari wa menejimenti. Wa mtaani anathamini mwenzake wa zamu. Wa menejimenti anathamini takwimu, bajeti na sura ya jeshi mbele ya wanasiasa. Kwa anayetafiti uongozi wa taasisi, huyu ndiye wa kuanza naye.

P.A.J. Waddington, aliyekuwa askari kabla ya kuwa mwanazuoni nchini Uingereza, alitoa onyo zito mwaka 1999: maneno makali ya kantini si kipimo cha vitendo vya barabarani. Askari husimuliana mambo ili kupunguza uzito wa kazi, kisha akitoka nje akafanya vingine kabisa. Janet Chan, aliyetafiti New South Wales huko Australia na kuchapisha mwaka 1997, anakusaidia kueleza kwa nini mageuzi hukwama: alionyesha kuwa mazoea ya askari yanashikamana na mazingira ya kazi yenyewe, yaani sheria, rasilimali, siasa na raia wanaohudumiwa. Ukibadilisha mafunzo ukaacha mazingira, mazoea hurudi. Wa tano ni Edgar Schein, ambaye hakuandika juu ya polisi bali juu ya taasisi kwa jumla. Aligawa utamaduni katika tabaka tatu: vinavyoonekana kwa macho, maadili yanayotamkwa, na imani za ndani ambazo wenyewe hawazitamki tena kwa sababu wanaziona ni jambo la kawaida.

Hawa wote waliandika kwingine. Polisi wa Tanganyika walianzishwa chini ya Waingereza mwaka 1919 kwa mfumo wa kijeshi, na hadi leo tunasema *Jeshi* la Polisi. Askari wengi huishi kota, hupangiwa uhamisho, na kazi yao inagusana na mgambo, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa na vikundi vya ulinzi shirikishi. Mtaani Chicago hakuna mwenyekiti wa mtaa anayesuluhisha kesi kabla haijafika polisi. Sura yako ya nadharia iseme hivyo waziwazi. Kwa Afrika, tafuta kazi ya Monique Marks kuhusu kikosi cha kutuliza ghasia cha Durban na ya Jan Beek kuhusu polisi wa Ghana, zitakukaribia zaidi.

Swali lisilozidi mistari miwili

Swali baya: "Kuchunguza athari za utamaduni wa kitaasisi katika utendaji wa Jeshi la Polisi Tanzania." Hilo halijibiki hata kwa miaka kumi.

Swali zuri lina uamuzi mmoja, watu fulani na mahali: "Mkuu wa zamu kwenye vituo viwili vya Jiji la Mbeya anaamuaje malalamiko ya wanandoa yafunguliwe RB (yaandikwe rasmi kwenye daftari la taarifa) au yarudishwe kwa mwenyekiti wa mtaa, na upangaji wa zamu unaathirije uamuzi huo?" Hapo kuna utamaduni (uamuzi) na menejimenti (upangaji wa zamu), na vyote viwili unaweza kuviona kwa macho.

Maswali mengine yanayofanya kazi katika ukanda huu ni jinsi mkaguzi wa polisi aliyepangwa kata anavyogawa utii wake kati ya OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na uongozi wa kata. Jinsi askari wa barabara kuu ya TANZAM, kuanzia Mlima Kitonga hadi Tunduma, wanavyochagua gari la kusimamisha. Na jinsi askari mgeni anavyopokea maelezo ya mzee anayezungumza Kisafwa au Kihehe tu. Hilo la mwisho bado halijapewa uzito unaostahili. Nani hutafsiri pale kaunta, na anaacha nini njiani?

Kibali: kinashuka ngazi zilezile za amri

Mtanzania aliyesajiliwa chuoni huanza na barua ya utambulisho ya chuo chake. Mtafiti wa kigeni hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Lakini kosa linalokwamisha wengi ni kuchukua barua ya Katibu Tawala wa Mkoa na kwenda nayo moja kwa moja kwa mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo atakuketisha, atakukaribisha vizuri, kisha hutapata kitu. Wala si ukorofi. OCS, yaani huyo mkuu wa kituo, anapokea amri kutoka kwa OCD, OCD kutoka kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), na RPC kutoka Makao Makuu ya Polisi. Barua ya kiraia haina ngazi ya kupitia hapo katikati.

Andika kwa Inspekta Jenerali, kupitia Makao Makuu Dodoma, ukiambatisha barua ya chuo, pendekezo la utafiti lililofupishwa hadi kurasa 4 au 5, dodoso na mwongozo wa mahojiano kama vilivyo, orodha ya vituo na tarehe, na maelezo ya namna utakavyotunza taarifa. Usifiche swali gumu ukitegemea kuliongeza baadaye, kwa sababu likigundulika kibali kinakufa, na anayekuja nyuma yako ataumia pia. Kibali kikitoka, nakala zifuate ngazi: RPC, OCD, OCS. Peleka mwenyewe, kwa mkono, hata kama umeambiwa zimeshatumwa. Tenga angalau miezi mitatu kwa hatua hii, na katika muda huo fanya kazi za nyaraka na wastaafu.

Askari wastaafu ni hazina. Hawafungwi na zamu, wanaeleza kwa kirefu, na wanakumbuka mfumo ulivyobadilika. Udhaifu wao ni kwamba wengi husema enzi zao nidhamu ilikuwa juu. Usiwaulize "zamani ilikuwaje". Uliza "ulipokuwa koplo, orodha ya zamu ilipangwa na nani, na ulifanyaje kuomba kubadilishiwa?"

Sasa hatari iliyojificha: ukiingia kwa kibali cha juu, askari wa chini watakuona mtu wa makao makuu. Watanyoosha mgongo, watajibu kwa lugha ya PGO, yaani kanuni za kudumu za Jeshi la Polisi. Dawa yake ni muda, na kwenda pale siku kadhaa bila kuuliza lolote.

Kalenda na mipaka

Epuka miezi ya uchaguzi. Askari wanakuwa kwenye tahadhari na hakuna atakayekupa nusu saa. Epuka pia wiki ya mwanzo ya Agosti Mbeya, wakati wa maonyesho ya Nane Nane viwanja vya John Mwakangale. Kama vituo vyako viko Rungwe, Kilolo au Ludewa vijijini, usipange safari kati ya Desemba na Aprili bila siku za akiba, maana njia huharibika kwa mvua. Juni na Julai ndiyo miezi mizuri, na beba koti zito: kukaa kaunta usiku Makete au Mafinga mwezi Julai ni kazi ngumu bila koti.

Mipaka imewaponza wengi wanaolinganisha takwimu za miaka. Mkoa wa Njombe ulitengwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Takwimu za "Mbeya" za 2014 zina Tunduma, Mbozi na Ileje ndani yake. Za 2018 hazina. Ukiweka namba hizo kwenye grafu moja utaona uhalifu "umeshuka" Mbeya, kumbe ni ramani iliyokatwa. Tazama pia wilaya za kipolisi, ambazo si lazima zilingane na wilaya za kiutawala.

Kuketi kaunta

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu kwa ukamilifu, fanya hili. Kaunta ya kituo ndipo raia, sheria na uongozi hukutana.

Panga hivi: vituo 2, nyakati 3 za siku (asubuhi, jioni, usiku), siku 4 tofauti kwa kila wakati. Hiyo ni mikao 24. Kila mkao saa 3, jumla saa 72. Siku 4 hizo ziwe na sababu: siku ya kawaida ya katikati ya wiki, Jumamosi, siku ya gulio au soko kubwa, na moja ya mwisho wa mwezi. Ukikaa asubuhi pekee utaandika kuhusu kituo cha asubuhi, ambacho kina wakuu, paredi na usafi. Kituo cha saa 8 usiku ni taasisi nyingine kabisa: koplo mmoja ndiye serikali yote.

Kila raia akifika, andika vitu sita: saa aliyofika, nani alimpokea kwanza, alisubiri dakika ngapi, swali la kwanza aliloulizwa, lililoamuliwa (RB, fomu ya matibabu ya PF3, kurudishwa mtaani, kuitwa kwa mlalamikiwa, au "njoo kesho"), na aliyeamua. Usiandike jina wala namba ya RB. Kwa saa 72 utakuwa na matukio ya kutosha kuona mpangilio. Angalia hasa swali la kwanza. "Una shida gani, mama?" na "Mwenyekiti wako anajua?" ni milango miwili tofauti, na huo wa pili mara nyingi unaelekea nje.

Angalia pia mabadiliko ya zamu. Dakika kumi za kukabidhiana zina mengi: kinachosomwa kutoka daftarini, na kinachosemwa pembeni baada ya daftari kufungwa. Hayo ya pembeni ndiyo maarifa halisi ya kazi.

Usiandike mbele ya watu muda wote. Maneno machache kwenye kijidaftari, kisha usiku uleule uandike kwa kirefu. Saa moja ya kuangalia hutaka karibu saa mbili za kuandika. Ukilala bila kuandika, kesho utakumbuka hadithi na kusahau mpangilio wake. Usipige picha. Usisogelee ghala la silaha. Usimhoji mahabusu, kwa sababu mtu aliye nyuma ya nondo hawezi kutoa ridhaa iliyo huru. Majina ya watoa habari wa polisi yakitajwa mbele yako, yasiingie daftarini kabisa.

Ridhaa mahali penye amri

Utasikia haya: "Wewe, wewe na wewe, nendeni mkahojiwe na huyu mwalimu." Hiyo ni amri, na majibu utakayopata ni ya amri.

Omba orodha ya zamu, chagua mwenyewe kwa kuruka majina, mfano kila la tatu, na zungumza na kila mmoja peke yake. Mwambie maneno haya au yanayofanana nayo: "Afande, ukipenda tukae dakika ishirini tuongee mpira, halafu utoke. Hakuna atakayejua ulijibu au hukujibu." Hili linafanya kazi kwa sababu linamwondolea aibu ya kukataa mbele ya mkuu wake. Wengine watachagua mpira. Waache.

Mahojiano 25 hadi 35 ya askari yanatosha kwa shahada ya uzamili, yakigawanywa kwa vyeo: konstebo na koplo wawe nusu au zaidi, sajenti na sajenti meja robo, wakaguzi na warakibu waliobaki. Kosa la kawaida ni kinyume chake, kuhoji wakuu saba na konstebo watatu kwa vile wakuu wana ofisi na kiti. Ongeza raia 10 hadi 12: bodaboda wa kijiweni, mama wa sokoni Mwanjelwa, dereva wa lori, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata. Raia mrudishie nauli. Askari usimpe fedha taslimu hata kidogo. Soda hadharani inatosha.

Kurekodi sauti kituoni ni kujitafutia matatizo. Rekodi nje, kwa ruhusa, au andika. Saa moja ya sauti hutaka saa 5 au 6 kuinakili, kwa hiyo mahojiano 30 ya dakika 50 ni saa 25 za sauti na zaidi ya saa 125 za kuchapa. Liweke hilo kwenye ratiba tangu mwanzo.

Maswali yaanze na kazi, yasianze na mtazamo. "Nieleze zamu yako ya juzi tangu ulipovaa sare." "Mara ya mwisho gari lilipokosa mafuta mlifanyaje?" "Kuruti akitoka chuo cha polisi Moshi leo, jambo gani atalazimika kusahau ili aweze kufanya kazi hapa?" Swali hili la mwisho hufungua mengi kuliko yote, na liweke katikati, askari akishatulia.

Visa vya kubuni kwa mambo yasiyoulizika

Ukimuuliza askari kama anapokea rushwa, umemwaga maji. Carl Klockars na wenzake walitengeneza njia nyingine Marekani: visa 11 vifupi vya askari wa kubuni, vilivyosomwa na askari wa idara 30, kisha njia hiyo ikasambaa nchi nyingi. Humwulizi mtu alichofanya. Unamwuliza kisa kina uzito gani, adhabu gani inastahili, adhabu gani *ingetolewa*, kama yeye angeripoti, na kama wenzake wangeripoti.

Visa vitungwe kwa hali ya hapa. Mfano:

- Askari amemkamata bodaboda bila kofia ngumu. Bodaboda ni kijana wa mtaani kwake. Anamwachia kwa onyo.
- Askari wa doria anapewa ndizi na maparachichi bure kila wiki na mfanyabiashara mmoja Tukuyu.
- Mkuu anatumia gari la doria kubeba magunia yake ya viazi kutoka Uyole.
- Askari anampiga kofi mtuhumiwa wa wizi wa simu ambaye tayari amefungwa pingu.
- Askari wa zamu anafika amelewa. Mwenzake anamwambia akalale na kumshikia lindo.

Visa 8 ni kiwango kizuri. Vikizidi 11 watu huchoka. Vichanganye vyepesi na vizito, usivipange kwa ukubwa.

Thamani kubwa iko kwenye pengo. Askari akisema kofi linastahili adhabu nzito lakini kwa kawaida ingetolewa onyo la mdomo, anakueleza jinsi anavyouona uongozi wake. Akisema viazi vya mkuu havistahili adhabu kubwa lakini konstebo angefukuzwa kwa kosa hilohilo, amekueleza ngazi ya haki ilivyo. Na pengo kati ya "mimi ningeripoti" na "wenzangu wangeripoti" ndilo kipimo cha karibu zaidi cha kutosalitiana.

Hapo pana tatizo la lugha. Dodoso za Kiingereza zina neno moja, *loyalty*, kwa kitu ambacho Kiswahili kinakigawa: utii kwa mkuu, uaminifu kwa kazi, na kutomsaliti mwenzako. Ukitafsiri vyote "uaminifu", umeharibu kipimo. Tafsiri dodoso, mpe mtu wa pili asiyeona la awali alirudishe Kiingereza, ulinganishe, kisha lijaribu kwa askari wastaafu 8 au 10 kabla ya kwenda kituoni.

Hesabu ya sampuli

Fomula ya Yamane imekaririwa kila chuo: gawanya idadi ya watu kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa. Askari 400, kosa la 0.05, unapata 200. Sawa, lakini inachukulia kwamba umechagua mtu mmojammoja kwa bahati nasibu. Wewe umechukua vituo 10 na askari 20 kila kimoja, na askari wa kituo kimoja hufanana kwa sababu wana mkuu mmoja. Ikiwa kufanana huko, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.05 tu, uzito wa sampuli hugawanywa kwa 1 + 19 × 0.05, yaani 1.95 (19 ni wenzake wa kila askari kituoni). Majibu yako 200 yana nguvu ya kama 103. Ongeza vituo badala ya kuongeza watu ndani ya kituo kilekile, na uandike hesabu hii kwenye tasnifu. Wasimamizi wengi watafurahi kuiona.

Dodoso likirudi, kabla hujaingiza chochote kwenye kompyuta, panga karatasi mezani. Mwandiko mmoja kwenye karatasi tatu, kalamu ya rangi moja kituo kizima, vema zilizonyooka safu moja kutoka juu hadi chini: hizo ziweke kando na uripoti idadi yake. Njia ya kuzuia ni bahasha yenye gundi na sanduku unalobeba mwenyewe, lisilopita ofisi ya mkuu.

Nyaraka

Kwa lugha ya Schein, PGO ndiyo maadili yanayotamkwa. Isome kabla ya kwenda. Soma pia Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, na taarifa ya Tume ya Haki Jinai iliyoundwa mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Nyaraka zenye muhuri wa siri usiziguse hata ukipewa na mtu mwema. Sheria ya Usalama wa Taifa haijali nia yako ya kitaaluma.

Kwa Iringa kuna tukio usiloweza kulipita. Tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, polisi walipokuwa wakizuia shughuli ya CHADEMA. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Taarifa za uchunguzi zilitoka kwa kamati iliyoundwa na Waziri wa Mambo ya Ndani, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na kwa Baraza la Habari pamoja na Jukwaa la Wahariri. Zisome zote kwa pamoja kama nyaraka: kila moja inaweka amri wapi, na inamweka askari mmoja wapi? Kituoni usilianzishe wewe. Likitajwa, sikiliza, na kumbuka kwamba upande wa pili kuna familia na waandishi ambao kwao hili si mada ya tasnifu.

Ukishuhudia kosa

Amua kabla ya siku ya kwanza, na msimamizi wako asaini. Pendekezo letu: uzembe, lugha chafu na uchelewaji ni data, vinaandikwa bila majina. Mtu anayepigwa au kunyimwa matibabu si data. Utafiti unasimama, unamwona mkuu wa kituo palepale, na isipotosha unapanda kwa OCD au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mpaka huo uandike kwenye karatasi ya ridhaa, kila askari ausome kabla ya kuzungumza. Usiahidi siri isiyo na kikomo: ahadi ya mtafiti haina kinga aliyonayo wakili kwa mteja wake.

Uchambuzi

Kwa kila jambo fungua safu tatu: kinachosemwa, kinachoandikwa, kinachotendwa. Tuchukue malalamiko ya mke kupigwa. Kwenye mahojiano: "Tunafungua RB kila mara." Daftarini: machache. Kaunta: wengi waliulizwa kwanza kuhusu mwenyekiti. Mtafiti mvivu atasema askari wanadanganya. Nenda mbele, tafuta uendeshaji uliozaa pengo hilo. Zamu hiyo ilikuwa na askari wangapi? Kila RB humwongezea mpelelezi jalada; je, majalada yasiyofungwa ndiyo humletea karipio? Kama ndiyo, kurudisha kesi mtaani ni jibu la askari kwa kipimo cha mkuu wake. Hapo ndipo utamaduni na menejimenti vinaposhikana, na hapo ndipo sura yako ya tano inapaswa kusimama.

Jihadhari na mambo mawili. Manung'uniko ya posho na kota si utamaduni kwa yenyewe, yanakuwa utamaduni pale yanapotumika kuhalalisha kitendo, kama "kwa mshahara huu, unategemea nini?" Na maneno makali bila kitendo yaripoti kama maneno, ukimkumbuka Waddington.

Kuficha watu na kurudisha matokeo

"Kituo A" hakifichi kitu kama umeandika kiko mpakani na Zambia. "Mkuu wa kituo, mwanamke, wilaya ya milimani" ni jina kamili kwa kila anayelijua jeshi. Usiweke cheo, kitengo na jinsia katika sentensi moja, na kundi lolote lenye watu chini ya 5 liunganishe na lingine. Majina na alama zinazosimama badala yake vikae mahali pawili tofauti. Sauti zifutwe baada ya kunakiliwa, simu iwe na nywila, na WhatsApp isipitishe nukuu yoyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe pia.

Mrejesho uende pande tatu, na usiwe karatasi moja. RPC mpelekee kurasa mbili zenye mambo matatu anayoweza kubadilisha kwa mamlaka yake mwenyewe, mfano namna ya kupanga zamu ya usiku. Kituoni omba dakika 30 baada ya paredi, useme matokeo ya jumla bila nukuu hata moja, kwa sababu askari wanatambuana kwa maneno. Kwa raia, nenda kwenye mkutano wa mtaa na ueleze kwa lugha ya mkutano. Anza na kituoni, kabla tasnifu haijafungwa jalada: mahali ulipokosea utaambiwa hapo, na bado utakuwa na muda wa kusahihisha.